Ukuta wa Damu ya Mzee

Kwenye kadi ya rangi ya dukani palikuwa na jina la Kizungu lenye maana ya mvinyo mwekundu. Muuzaji akakisoma kile kipande, akasema, "Maruni hii." Fundi wangu alikuwa nyuma yangu, simu sikioni. Akaishusha kidogo, akatupa jicho, akasema, "Si damu ya mzee hiyo?" Kisha akarudi kugombana na mtu wa kokoto.

Nilidhani wote tunataja rangi moja. Ilinigharimu ukuta mmoja wa sebule, makopo matano na miezi saba kugundua kwamba mvinyo ni kitu kimoja na damu ya mzee ni kitu kingine, na kwamba fundi, bila hata kukata simu, alikuwa ametaja ile niliyoihitaji.

Majina ya rangi kwa Kiswahili yana raha yake. Tunaazima vitu. Kahawia ni kahawa, kijivu ni jivu, manjano ni ile bizari ya kwenye wali, zambarau ni tunda linaloacha doa kwenye ulimi na kwenye shati la shule. Kuna rangi ya ugoro, kuna maji ya kunde. Damu ya mzee ndiyo pekee, kati ya ninazozijua, iliyotolewa mwilini mwa mtu, tena si mtu yeyote. Siku moja nilimuuliza fundi: kwa nini mzee? Alikuwa anapiga msasa, vumbi limemjaa kope. "Dada, damu ya kijana inaruka. Ya mzee imetulia."

Sijui kama ndiyo asili ya neno. Ila kama maelezo ya rangi, sijapata yaliyo bora.

Tunaishi Goba. Tulihamia mwaka 2019 katika nyumba ambayo haijaisha, kama wanavyohamia watu wengi wa Dar es Salaam: madirisha yapo, dari ya jipsamu ipo sebuleni tu, na kuta zote krimu. Krimu ndiyo rangi ya mtu aliyechoka kutoa hela. Unanunua ndoo ya lita 20, fundi anapiga nyumba nzima, na mtoto akichora ukutani unapaka pale pale, hakuna anayejua. Sina ugomvi na krimu. Lakini baada ya miaka minne nilianza kuhisi naishi ndani ya kikombe cha uji.

Na mimi nimekulia kwenye wekundu. Bibi yangu alikaa kwenye kota za reli Morogoro, na sakafu yake ilikuwa ya saruji nyekundu iliyopigwa nta mpaka inaakisi miguu ya meza. Jumamosi tulipaka nta kwa matambara, kisha tunafunga vipande vya blanketi kuukuu miguuni na kuteleza chumba kizima, huku yeye akijifanya anatukataza. Soksi zangu nyeupe za shule zilikuwa na nyayo za waridi ambazo hakuna sabuni iliyowahi kuzitoa. Kwa hiyo niliposema nataka chumba chekundu kilichokolea, sikuwa nimeiga kwenye picha za mtandaoni. Au tuseme niliiga kidogo, lakini mbegu ilikuwepo.

Mume wangu ni Mwananchi. Wasio wa huku nawaambia: ni Yanga, kijani na njano, na wapinzani wao Simba huvaa nyekundu na nyeupe. Nikamweleza mpango wangu taratibu, baada ya chakula. Akaweka kijiko chini.

"Nyekundu? Ndani ya nyumba yangu?"

Nikamwambia si nyekundu ile, ni nyekundu iliyozama mpaka inakaribia weusi.

"Simba akizeeka anakuwa nini? Bado ni Simba."

Tulikubaliana ukuta mmoja, ule wa sebuleni unaotazamana na mlango. Hapo ndipo kosa la kwanza lilipofanyika, na nalieleza kwa kirefu kwa sababu nimeona nyumba nyingi likifanyika vile vile.

Ukuta ule una mita 4 kwa 3, yaani mita za mraba 12. Lita moja ya rangi ya maji hufunika kati ya mita 10 na 12 kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja. Kwa hiyo hesabu ya fundi ilikuwa safi: mikono miwili, lita mbili na ushee, kazi ya siku moja. Nikanunua kopo la lita 4, nikajiona nimezidisha. Mkono wa kwanza ukatoka kama nyama ya mshikaki iliyobabuka: huku nyekundu, kule waridi, na kila mahali rola ilipogeuka paliacha mstari. Mkono wa pili ukapunguza, haukumaliza. Wa tatu, bado pembeni unaiona krimu inachungulia. Kopo likaisha. Nikarudi dukani siku nyingine, mashine ikachanganya kopo jingine la jina lile lile na namba ile ile, fundi akapaka nusu ya ukuta, na jioni nikaona nina ukuta wa rangi mbili.

Nikamlaumu fundi. Hakustahili.

Aliyenieleza ni mzee mmoja wa duka jingine, mtu wa miwani minene, anayeuza rangi tangu enzi ambazo walikuwa wakizichanganya kwa kijiti. Alinifungulia makopo mawili juu ya kaunta. La kwanza lilikuwa nyeupe, zito kama mtindi. La pili, ambalo ndilo hutumika kutengenezea rangi zilizokolea, lilikuwa kama uji mwepesi usio na rangi yoyote ya maana. Rangi nyeupe hufunika ukuta kwa sababu ya unga uitwao titani dioksaidi, ambao kazi yake ni kuurudisha mwanga kabla haujafika chini. Ukitaka krimu, au bluu ya mbingu, huo unga unabaki ndani na unakusaidia kufunika. Ukitaka nyekundu iliyokolea, unga lazima utoke, maana nyekundu ukiichanganya na nyeupe inakuwa waridi, hakuna ujanja. Kinachobaki ni maji mazito na vitone vya rangi kutoka kwenye mashine, na nyingi za nyekundu zile zinazong'aa, zenye mwelekeo wa mvinyo, mwanga hupita ndani yake kama unavyopita kwenye juisi.

"Wewe mwanangu umepaka juisi kwenye ukuta wa krimu," akasema. "Juisi haifichi glasi."

Dawa yake ilinishangaza: kijivu. Kabla ya nyekundu unapiga andakoti, ile rangi ya chini, ya kijivu cha wastani, si nyeupe. Jicho likipenya kwenye wekundu likakutana na kijivu, halioni tofauti kubwa, na mikono miwili au mitatu inatosha mahali ambapo juu ya nyeupe ungepiga mitano. La pili, nunua rangi yote siku moja, na kabla ya kuanza imimine yote kwenye ndoo moja kubwa uikoroge, kwa sababu hata mashine haikosi kupishana tone moja, na tone moja kwenye damu ya mzee linaonekana kutoka barabarani.

La tatu ndilo lililonirudisha kwa fundi na kwa neno lake. Akatoa kadi, akaniwekea vipande viwili. Kimoja ndicho nilichokuwa nimechagua, mvinyo, chenye uwaridi fulani kwa mbali. Cha pili kilikuwa cha udongo zaidi, kama tofali lililoiva sana, kimetulia. Hiki, akasema, kimekolezwa kwa oksidi ya chuma. Kutu, kwa lugha ya nyumbani. Kutu inafunika, haipaukii jua, na ni ya bei nafuu. Ile nyingine ni nzuri kwenye kadi.

Nikakitazama kile cha pili. Kilikuwa sakafu ya bibi.

Kumbe ni kitu kile kile. Saruji nyekundu za zamani zilitiwa unga wa oksidi ya chuma. Na ukienda nyuma zaidi unakuta rangi hiyo hiyo Kondoa, kwenye miamba ya Kolo, ambako watu walichora wanyama na binadamu wembamba wenye vichwa vya ajabu, wengi kwa wekundu wa udongo ulioiva. Michoro ile iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Niliwahi kuiona kwa safari ya kikazi, na ninachokumbuka zaidi ya twiga ni kwamba wekundu ule ulikuwa umepungua lakini haukuwa umebadilika. Ulibaki kuwa ule ule, mdogo tu. Ukuta wa kwanza kupakwa rangi katika nchi hii, kwa kadiri unavyoweza kuuona kwa macho yako, ulipakwa damu ya mzee.

Kuhusu mafuta, neno moja tu. Muuzaji wa kwanza, alipoona ninavyohangaika, alinishauri nipige rangi ya mafuta, "inafunika haraka". Nilikataa na ningekataa tena. Rangi za mafuta nyekundu na njano ndizo zilizozoeleka sana kutiwa madini ya risasi, na risasi haina kiwango salama kwa mtoto. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa ni sehemu 90 kwa kila milioni. Uliza kopo lako linasema nini. Na kama ukuta wako una rangi ya mafuta ya zamani, usiupige msasa mkavu watoto wakiwa ndani. Uloweshe.

Basi nilikuwa tayari kuurudia ukuta wa sebule kwa akili mpya, ndipo masika yakaingia.

Wiki ya pili ya mvua kubwa, chini ya ukuta wangu mwekundu ikatokea mistari meupe. Nikafuta. Ikarudi, safari hii na unga. Baada ya mwezi ukuta ulikuwa na ukurutu. Kilichokuwa kinatokea si siri: maji yakiingia ndani ya ukuta huyeyusha chumvi zilizomo kwenye saruji na mchanga, yanatembea nazo mpaka juu, yanakauka, chumvi inabaki nje. Upande wa pili wa ukuta ule ni bafu. Bomba lilikuwa linavuja kwenye kiungo, pengine tangu tuhamie, na ukuta ulikuwa unatoa chumvi miaka yote minne. Krimu ilikuwa inatufichia. Chumvi nyeupe juu ya krimu huioni, unadhani ni vumbi.

Mume wangu alilichukua hili kama ushahidi dhidi ya Simba. Mimi nililichukua kama rangi ya kwanza katika nyumba yetu iliyosema ukweli. Tulivunja, tukatengeneza bomba, tukapiga plasta, tukauacha ukuta ukauke mwezi mzima na zaidi. Halafu tukaupaka krimu.

Ndiyo, krimu. Kwa sababu wakati ukuta unakauka nilikuwa nakaa pale sebuleni nikiutazama, na nikaanza kukiri jambo ambalo nilikuwa nalikwepa: hata kabla ya chumvi, ukuta ule haukuwahi kupendeza mchana. Sebule yetu ina madirisha mawili makubwa na tunaitumia zaidi Jumamosi na Jumapili, kuanzia asubuhi, watoto sakafuni, televisheni, mgeni anayepita mara moja akakaa saa nne. Jua likiingia, ukuta mmoja mwekundu kati ya kuta tatu za krimu ulikuwa unapiga kelele. Jirani aliniuliza kwa upole kama tumekodisha ukuta kwa kampuni ya simu. Nilielewa alichoona. Ukipita barabara yoyote hapa, vibanda vilivyopakwa nyekundu na kampuni za simu na za soda ni vingi kuliko miti. Kipande cha nyekundu kwenye uwanja wa rangi nyepesi ni tangazo, macho yetu yamefundishwa hivyo.

Ila usiku ulikuwa mzuri. Hilo nalo nililikumbuka. Kulikuwa na jioni mbili tatu, watoto wamelala, taa moja imewaka pembeni, ambapo ukuta ule ulirudi nyuma na chumba kikawa na kina.

Kuna sababu ya kimwili kwa jambo hili. Mwanasayansi wa Bohemia aitwaye Jan Purkyně aliliandika mwaka 1825: kwenye giza la alfajiri, kabla jua halijatoka, bluu hutangulia kuonekana, na nyekundu, ambazo mchana ndizo kali kuliko zote, huwa nyeusi kabisa. Jicho lina mitambo miwili, mmoja wa mwanga na mmoja wa giza, na huu wa giza karibu hauoni wekundu hata kidogo. Kwa hiyo mwanga unapopungua, ukuta wa bluu hukaa na wewe, wa damu ya mzee hukuaga mapema. Ulaya jioni ya kiangazi hujivuta masaa. Hapa kwetu jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, na giza likianza linamaliza kazi ndani ya nusu saa. Nimekaa na kikombe cha chai nikiangalia: ukuta ni tofali, ukuta ni damu, ukuta ni kahawa, ukuta haupo. Kisha unawasha taa ya njano na unarudi kutoka kusikojulikana, wa moto.

Rangi hii haiulizi una nyumba ya aina gani. Inauliza unaishi ndani yake saa ngapi.

Sisi tuna chumba cha saa mbili usiku. Ni chumba cha kulia, mita 4 kwa 3 na nusu, dirisha moja dogo linalotazama mashariki kwenye ukuta wa jirani. Mchana hakuna anayeingia. Watoto wanakula jikoni, sisi tuko kazini. Usiku ndipo tunapokaa wote: chakula, kazi za shule za watoto, baadaye sisi wawili na karanga. Nilikuwa nimekipaka krimu kama kwingine ili "kiwe na mwanga", kana kwamba rangi inaweza kuleta mwanga ambao dirisha halikuleta. Haiwezi. Chumba chenye giza ukikipaka rangi nyepesi hakiwi na mwanga, kinakuwa na majonzi.

Safari hii tulipaka kuta zote nne. Hili ndilo ninalolisisitiza kwa kila anayeniuliza, na watu hawaniamini: damu ya mzee ikizunguka chumba chote hutulia, ikiwa ukuta mmoja hurukaruka. Macho yakikosa krimu ya kulinganisha nayo, yanaacha kushangaa ndani ya dakika chache. Tulipaka na mlango, na fremu ya dirisha. Dari tukaiacha nyepesi lakini si nyeupe ya hospitali. Tuliitia tone la manjano mpaka ikawa kama maziwa yaliyochemka.

Hesabu, kwa wanaopenda hesabu: mzunguko mita 15, kimo mita 3, unapata 45, toa mlango na dirisha, 40 na kitu. Lita 4 kila mkono. Andakoti ya kijivu mkono mmoja, damu ya mzee mikono mitatu, lita 12, zote kwenye ndoo moja. Fundi alianza na skimu, ile plasta laini ya kusawazisha ukuta, na hapa alinisomesha. Rangi iliyokolea yenye kung'aa huonyesha kila kosa la skimu, kila wimbi, hasa taa ikiwa karibu na ukuta. Isiyong'aa kabisa inaficha makosa lakini mkono ukipita unaacha alama nyeupe kama umekwaruza ngozi kavu, na kwenye nyumba ya watoto mikono hupita. Tukachukua ya katikati, yenye mng'ao kidogo kama ganda la yai. Alama zipo, hasa kwenye kona ya mlango kwa kimo cha mtoto wa miaka sita. Zinafutika kwa kitambaa chenye maji usiposugua kwa hasira.

Kazi ilipokwisha, usiku nikawasha taa na nikataka kulia. Chumba kilikuwa rangi ya ini.

Ilikuwa balbu. Zile balbu nyeupe tunazopenda, zenye maandishi ya 6,500K kwenye boksi, zina mwanga wa kibluu, na mwanga wa kibluu hauna wekundu wa kutosha wa kuupa ukuta mwekundu kitu cha kurudisha. Nikazibadilisha kwa za 2,700K, zile ambazo watu wa dukani wanaziita za njano na kukuuliza kama una uhakika. Nikaongeza na taa ya mezani kwenye kabati, maana chumba kama hiki hakitaki taa moja kali katikati ya dari, kinataka taa tatu hafifu zilizokaa chini. Tofauti ya balbu ilikuwa kubwa kuliko tofauti ya mikono mitatu ya rangi. Ukikosa hela ya kitu kingine chochote, anza na balbu. Na umeme ukikatika, usitumie ile taa ya kuchaji, yenye mwanga wa chumba cha maiti. Tafuta mshumaa.

Samani zilinipa funzo moja tu la maana. Meza yetu ni ya mninga, fahari ya nyumba, na mninga una wekundu wake. Ilipoingia kwenye chumba kile ikapotea, kama mtu aliyevaa sare ya kwaya akasimama katikati ya kwaya. Kilichojitokeza, na sikutarajia, ni vitu vya bei rahisi: mkeka wa ukindu uliopauka, bakuli la udongo, sinia la shaba la mama. Ukutani nilitundika kisutu cha harusi cha bibi, kwenye fremu. Ile nyekundu yake kali na nyeusi na nyeupe, ambayo kwenye krimu ingekuwa mapambo ya hoteli, pale imekaa kama iko kwao. Mapazia ni ya rangi ya mchanga. Tafadhali usiweke mapazia ya maruni, makochi ya maruni na ukuta wa maruni. Huo ni ukumbi wa sherehe, unabakisha MC tu.

Na kasoro moja ambayo hakuna aliyenitahadharisha. Mbu. Kwenye ukuta wa krimu mbu unamwona, unachukua kandambili, biashara imekwisha. Kwenye damu ya mzee haonekani. Baya zaidi, huenda anapapenda: mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walionyesha kwamba mbu aina ya Aedes aegypti, huyu huyu wa dengi aliyetusumbua Dar mwaka 2014 na tena 2019, akishanusa pumzi ya mtu hufuata rangi nyekundu, ya machungwa na nyeusi, na kupuuza kijani na nyeupe. Tuliweka wavu mpya dirishani wiki ile ile. Mume wangu, ambaye kijani ni dini yake, aliniomba nimsomee ile sehemu ya kijani mara mbili.

Mama mkwe alikuja mwezi wa nane, kwa ajili ya macho yake, kutoka Pangani. Nilimwamkia, nikambebea begi, na kwa sababu ilikuwa jioni nikampeleka moja kwa moja mezani. Akasimama mlangoni mwa chumba.

"Rangi gani hii, mwanangu?"

Mtoto wa kati, mwenye mdomo wake, akaniwahi: "Bibi, inaitwa mvinyo!"

"Astaghfirullah. Mvinyo kwenye chumba cha kulia?"

Nikamwambia hapana mama, ile ya mvinyo tuliifuta, hii ni damu ya mzee. Akaifikiria. Akasema damu nayo si kitu cha kulia nacho chakula. Akakaa, akala samaki wa nazi, akanyamaza. Katikati ya chakula akanyanyua glasi ya juisi aliyoitengeneza mwenyewe kwa maua makavu aliyokuja nayo, akaishika mbele ya ukuta, akafumba jicho lenye shida na kutazama kwa lile zima.

"Choya," akasema. "Rangi ya choya hii. Iliyolala."

Alikaa nasi wiki mbili na kila usiku alikuwa wa mwisho kutoka kwenye chumba kile. Asubuhi ya kuondoka, basi linaondoka saa tatu, mume wangu anapiga honi nje, yeye yuko jikoni anafungua kabati la chini.

"Ile choya iliyobaki ipo?"

Ipo, nikamwambia, kama lita moja. Lakini mama, ile ni ya ndani, haivumilii mvua, tena kwa nyumba yako ile ya chokaa na upepo wa chumvi...

"Nimekuuliza kama ipo," akasema, huku ameshakiona kopo. "Kazi yake sijakuuliza."